Kumtoa bibi nje Oktoba hapa Tabora: saa ngapi?

Saa 1 hadi saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Oktoba ndio mwezi wetu wa joto kali, na kivuli cha mwembe hakizuii ule upepo wa moto wa saa 8 mchana.

Usingoje aseme ana kiu. Uzeeni kiu huchelewa kuja hata mwili ukiwa umeshakauka, kwa hiyo mpe maji nusu kikombe kila nusu saa. Ila kama ana ugonjwa wa moyo au figo, kiasi hicho apange daktari wake.

Mkalishe kwenye kiti chenye mikono, si kigoda. Kabla ya kusimama akae wima dakika moja au mbili, miguu chini, maana akinyanyuka ghafla presha hushuka, anapata kizunguzungu na kuanguka.