Umeachiwa XSLT ya mtu? Kwanza ifanye ipige kelele

Arusha hapa ofisi za utalii ni nyingi na baadhi bado zina mfumo wa kizamani wa kutoa itinerari ya mgeni kwenye PDF, data inakaa kwenye XML af kuna stailishiti ya XSLT (faili la maelekezo ya kuigeuza hiyo XML) iliyoandikwa na jamaa aliyeshaacha kazi na simu hapokei. Mi nimeitwa kwenye ofisi za hivyo huko Njiro na Sakina na malalamiko huwa yale yale, siku ya 3 mgeni analala Tarangire ila jina la loji halipo, peupe. Hamna eror wala nini, PDF inatoka safi kabisa.

Sasa chalii yangu, usianze kurekebisha. XSLT ukiiomba kitu ambacho hakipo haigombi, inakupa seti tupu na kuendelea na safari zake. Ukiita templeti (kipande cha maelekezo) kwa jina na hilo jina halipo, hapo prosesa, yaani programu inayoendesha XSLT, itagoma, sawa, lakini key() (inayotafuta kitu kwa alama yake) iliyotoka kapa, njia ya XPath (anwani ya kitu ndani ya XML) yenye herufi moja iliyokosewa, mode (jina la kundi la templeti) iliyoandikwa vibaya, zote hizo zinapita kimyakimya. Na mode ndo mbaya zaidi maana zinaingia kanuni za XSLT yenyewe na unakuta maandishi yote ya chini yake yamemwagika kwenye ukurasa.

Kwa hiyo kila panapotafutwa rejea weka kitu kama hiki:

<xsl:if test="not(key('loji', @ref))">
  <xsl:message>Haipo: [<xsl:value-of select="@ref"/>]</xsl:message>
</xsl:if>

Hayo mabano ya mraba usiyatoe, ndo yatakuonyesha kama kuna nafasi imejificha mwanzoni au mwishoni mwa kodi (code) ya loji. Endesha kwa xsltproc (hiyo ni prosesa) kwenye tamino, usome orodha. Zikikosekana chache tu basi tatizo ni data, mtu wa bukingi kaandika TAR01 huku na tar01 kule, au kuna nafasi na normalize-space(), inayofuta nafasi za ziada, inamaliza. Zikikosekana zote usiwasumbue watu wa bukingi, shida iko kwenye stailishiti yenyewe.

Na zikikosekana zote mi huwa naangalia vitu viwili. Kwanza neimspesi (namespace, ukoo wa majina ya XML): XML ikiwa na xmlns pale juu, basi "loji" bila prefiksi kwenye XSLT 1.0 hailingani na chochote, hata ukiitazama kwa macho unaona majina ni yale yale. Tangaza prefiksi kwenye stailishiti uitumie kila mahali, ukisahau hata sehemu moja pale patabaki peupe.

Pili, na hii imewatesa wengi, loji ziko kwenye faili lao peke yake linalofunguliwa kwa document(). Kwenye 1.0 key() inatafuta ndani ya dokumenti uliyosimama muda huo, basi, haivuki kwenda faili jingine. Uko kwenye faili la safari unauliza loji, utajibiwa nini? Inabidi uhamie kule kwanza, na kabla hujahama shika ile ref kwenye variabo maana ukishahama @ref ya huku huioni tena:

<xsl:variable name="r" select="@ref"/>
<xsl:for-each select="document('loji.xml')">
  <xsl:value-of select="key('loji', $r)/jina"/>
</xsl:for-each>

Kuanzia 2.0 key() inapokea kitu cha tatu, unaiambia itafute dokumenti gani, huu mzunguko hauna haja.

Kuna watakaokwambia uhamie 3.0 moja kwa moja (ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2017, ile 1.0 ni ya 1999). Utamu upo, on-no-match="fail" kwenye xsl:mode inafanya kazi isimame palepale nodi (kipande cha XML) ikikosa templeti. Ila xsltproc haiijui 3.0, utahitaji prosesa nyingine, Saxon, na pia xsl:value-of iliyokuwa inatoa nodi ya kwanza tu itaanza kutoa zote, ghafla mgeni ana loji tatu usiku mmoja. Mi ningemaliza kwanza rejea kwenye 1.0.

Ukishamaliza usilinganishe PDF kwa macho, toa faili la FO (lile XSLT inalotoa kabla halijageuzwa PDF) la zamani na jipya uyapige diff, yaani uyalinganishe mstari kwa mstari, mistari iliyobadilika iwe ya majina ya loji tu, ukiona mwingine umo bado hujamaliza.