Nithibitishe vipi kwamba nilikuwa nimelala?

Mhariri, swali lako la wiki linasema: "Uchawi, mizimu na majini: sayansi ikishindwa kuthibitisha, je, hiyo ni sababu ya kutosha ya kutoamini?" Nimekuwa bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, mkoani Lindi miaka 26 kabla ya kustaafu, na swali hili nimeulizwa mara nyingi, ila si kwa maneno ya magazetini. Mimi nimeulizwa nikiwa na bunduki begani: "Bwana nyama, huyu simba ni wa Mungu au ni wa mtu?"

Wasomaji wa mbali niwaeleze. Kwetu kusini simba mla watu ana namna mbili. Yupo simba wa Mungu, mnyama tu wa porini. Na yupo simba wa kutumwa, mwenye mwenyewe: mtu kaketi barazani kwake, kagombana na jirani mpaka wa shamba la mikorosho, simba anakwenda kumlipia. Kwa yule wa kwanza anaitwa bwana nyama, kwa wa pili anaitwa fundi, yaani mganga (na fundi ninayemsema hana cherehani). Mara nyingi tuliitwa wote wawili, tukakutana kwa mwenyekiti wa kijiji, tukanywa uji katika jagi moja.

Wazee wa vijiji nilivyozunguka walikuwa na onyo lao: mwezi ukishapevuka, jioni usitoke. Hawakuwa wakisema usiku wa giza totoro mwezi unapoandama. Walisema zile siku chache mara tu baada ya mwezi mpevu, kwamba hapo ndipo wenye simba wao huwafungulia. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka mafunzoni na daftari limejaa, nikacheka. Simba huwinda gizani, nikajisemea, sasa mbalamwezi inahusu nini?

Mwaka 2005 mtafiti Craig Packer na wenzake, akiwemo Dennis Ikanda wa hapa nchini, walichapisha hesabu yao: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Maelezo yao kila mkulima wa kusini angeweza kuwapa bure. Wanyama wengine wakipungua, simba hubaki na nguruwe pori. Nguruwe hufuata mpunga na mahindi. Watu nao hulala madunguni, vile vibanda vya juu vya kulindia shamba, msimu wa mavuno ili kumfukuza huyo nguruwe, na simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu.

Ila mwaka 2011 walikuja na jambo lililonifanya niwakumbuke wazee wangu. Walipanga mashambulizi kwa tarehe za mwezi, wakakuta yanazidi sana siku zinazofuata mwezi mpevu, tena saa za mwanzo za usiku. Sababu yake ukishaisikia unajiona mjinga. Usiku wa mwezi mpevu mwezi huchomoza jua linapozama, nje kweupe hadi alfajiri, na simba akinyemelea anaonekana, kwa hiyo anashinda njaa. Kesho yake mwezi unakawia kama dakika 50, kesho kutwa unakawia zaidi. Siku ya tatu hauchomozi mpaka karibu saa 3 usiku. Hapo katikati pana giza la saa mbili na zaidi, watu bado wanatembea, na simba ana njaa ya siku kadhaa.

Basi niliyekosea ni mimi. Wazee walikuwa sahihi kuhusu siku.

Lakini onyo lao lilikuwa na vitu viwili vilivyofungwa kamba moja: siku, na mwenye simba. Siku zilihesabika, zikathibitika. Mwenye simba hakuhesabika. Nimesikia watu wakisema utafiti ule "umewathibitishia wazee uchawi wao", kana kwamba kamba ile haikufunguliwa.

Hapo niseme habari ya mzee mmoja. Jina lake na la kijiji nayaacha, maana wajukuu zake wapo. Ilikuwa 2001, mwezi wa nne, kijana mmoja alishuka dunguni kuchochea moto, baada ya isha kidogo, hakupanda tena. Tulimfuata yule simba siku mbili. Nilipompiga tukaona mguu wake wa mbele wa kushoto una kovu baya, waya wa mtego ulikuwa umeingia hadi kwenye mfupa. Simba wa namna hiyo hakimbizani na swala.

Kijijini palikuwa na mzee anayechechemea. Mguu wa kushoto.

Sihitaji kuwaeleza kilichofuata. Alipelekwa akanyolewa kichwa ili uchawi umtoke, mikorosho yake ikagawanywa kimyakimya, na mwanawe wa kwanza akaacha kumwamkia. Niliwaambia: simba amekufa, mbona mzee yu hai? Si mlisema yeye na simba ni mmoja? Mama wa yule kijana akanijibu bila hata kufikiri, "Ana wengine."

Mpwa wangu anafundisha Kilwa Masoko, tena sayansi, na ndiye anayenibana kwa hoja nzuri kuliko wote. "Mjomba," ananiambia, "silikanti je?" Samaki yule wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini ametoweka tangu zama za dinosaria, miaka milioni 66 hivi. Desemba 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na wavuvi wa kule walishangaa kushangaliwa, maana walimjua na jina walimpa: gombessa. Mwaka 2003 akanaswa kwetu, Songo Mnara, hapo ng'ambo ya Kilwa. "Sayansi ilisema hayupo, naye anaogelea. Kwa nini isiwe hivyo kwa majini?"

Hoja ina nguvu, nami nakubali nusu yake. Kutoona si kuthibitisha kwamba hakuna. Lakini angalia walivyofanya. Profesa J.L.B. Smith, aliyemtambua yule wa kwanza, alisambaza vipeperushi pwani yote hii kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na picha ya samaki, akiahidi pauni 100 kwa atakayemleta mwingine. Miaka 14 ikapita, samaki akaja. Kule Marekani mwanamazingaombwe James Randi naye alitangaza zawadi mwaka 1964, dola 1,000, ikapanda hadi kufika milioni moja, kwa yeyote atakayeonyesha uwezo usio wa kawaida katika jaribio ambalo pande zote mbili zimekubaliana masharti yake. Ilifungwa 2015 haijachukuliwa. Mpwa wangu anasema mchawi wa kweli hana haja ya dola, wala uchawi si ngoma ya kuchezwa uwanjani. Labda. Nawajua baadhi ya mafundi, na haja ya hela wanayo.

Kinachonisumbua zaidi ni mwiko. Mababu zetu Wamatumbi walipong'oa pamba Nandete mwaka 1905, mwanzo wa Vita vya Maji Maji, walikuwa na maji ya mganga Kinjikitile ya kugeuza risasi kuwa maji. Siwacheki; maji yale yaliunganisha makabila ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyaunganisha, na hilo ni kubwa kuliko kemia. Ila yaliwekwa kwenye jaribio ambalo halina mchezo, mbele ya bombomu, bunduki ya rashasha ya Mjerumani. Na mtu alipoanguka, jibu lilikuwepo tayari: alivunja mwiko, alilala na mwanamke. Dawa ikifanya kazi, ni dawa. Isipofanya, ni wewe. Jambo la namna hiyo haliwezi kushindwa kamwe, na watu huona hiyo ndiyo nguvu yake.

Msinidhanie mtu mkavu. Usiku mmoja kwenye msitu wa Rondo nilisikia nikiitwa kwa jina ambalo bibi yangu peke yake alikuwa akiniita, naye alikuwa amefariki miaka tisa. Mara mbili, wazi kabisa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na homa kidogo, maelezo yapo. Sikuitika, kwa sababu kwetu hufundishwa usiitike usiku. Sijui mtafiti angepima nini pale, sauti imeshapita na aliyeisikia ni mmoja. Sayansi inashika kinachorudi. Cha mara moja kinaipita, nayo haina la kusema, si ndiyo wala si siyo. Vilevile hesabu ya mwezi inamweleza mama kwa nini watu huliwa siku zile. Kwa nini mwanawe, na si yule mdogo wake aliyebaki dunguni, haimwelezi. "Ana wengine" ilimpa mama yule jibu. Bei yake alilipa mtu mwingine.

Kwa hiyo sauti ya bibi yangu naiweka, haimdai mtu kitu. Simba wa mtu simkubali mpaka aje kama silikanti, kwenye meza.

Mwaka 2012 nilikutana na yule mzee Lindi mjini, anakaa kwa binti yake, amekonda. Nilimwamkia, tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Akaniambia jambo moja alilokuwa akilizungusha kichwani miaka yote: "Waliniambia nithibitishe kwamba sikutoka usiku ule. Nilikuwa nimelala, bwana nyama. Nithibitishe vipi kwamba nilikuwa nimelala?" Maneno yale yale anayonipigia mpwa wangu, kwamba huwezi kuthibitisha kuwa hakuna, yeye yalikuwa yamemnyoa kichwa.

Nikamweleza habari ya mwezi, na nguruwe, na waya. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole. Kijana alichukuliwa siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, mzee alikumbuka vizuri, kwa sababu jioni ile mwezi ulikuwa haujachomoza, naye hakuweza kuona njia ya msikitini.

"Niandikie hayo," akasema. "Yule mwanangu nimpelekee. Na muhuri."

Nikamwambia nimestaafu, sina muhuri.

Akafikiri kidogo. "Andika tu," akasema, akamwomba muuza kahawa kalamu.