Usimwambie Mama Akae

Mama yangu ana miaka 74, na nyumba yetu iko Langoni, Lamu. Masika ya mwaka jana alishikwa na nimonia. Alilazwa siku 4, akarudi nyumbani, na sisi binti zake tukamfanyia yote tuliyoyajua kuwa ni mapenzi: chai kitandani, maji ya kutawadhia kwenye beseni, na kila akishusha mguu tunamdaka, "Kaa, Mama, usijisumbue." Ilipofika siku ya 11 homa ilikuwa imekwisha kabisa, lakini hakuweza kuinuka bila kushikwa. Mapaja yalikuwa yamenywea. Yeye aliyekuwa akienda kwa miguu mpaka Shela, kama kilomita 3, kumwona dada yake, sasa alikuwa akisali ameketi.

Nilidhani ni mabaki ya ugonjwa. Mtaalamu wa viungo aliyekuja kumtazama alimpapasa mapaja, akaniambia nusu ni nimonia, na nusu ni kitanda. Maneno yale yaliniuma. Kitanda kile nilikuwa nakitandika mimi kila siku.

Niliyojifunza tangu siku ile ni haya. Mwili unapopigana na vijidudu, kinga yake hutoa kemikali zinazoleta homa na uvimbe, si jipu bali ule mwako wa ndani wa mwili unaojipigania. Kemikali hizo pia huifanya misuli ibomoke, kwa sababu misuli ndiyo ghala kubwa la protini mwilini, na wakati wa vita protini hiyo inatakiwa kwingine: kwenye chembe za kinga, na kwenye ini. Basi ghala linachotwa, na mgonjwa mwenyewe hatii kitu ndani yake zaidi ya uji mwepesi, wala haisumbui misuli ili ijijenge. Hata bila ugonjwa, kulala peke yake kunatosha kudhuru. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ya wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 tu: miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama.

Na Mama ana kisukari. Dawa zilikuwa zilezile, chakula kimepungua, ila sukari ikawa inapanda. Homa yenyewe hupandisha sukari, lakini kuna jambo jingine. Tukila, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu hupokewa na misuli. Misuli ikinywea, au ikikaa bure, sukari haina pa kwenda. Misuli inayofanya kazi hufungua milango yake na kuinywa sukari hata pale insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu, inapokuwa dhaifu. Ndiyo maana siku hizi akishakula cha mchana tunatoka, dakika 15 hivi, mpaka ufukoni tukatazame mashua na kurudi.

Uvimbe wa nimonia hupita. Uko mwingine usio na homa, wa polepole, unaotokana zaidi na mafuta yaliyojaa tumboni. Huo huifanya misuli isiisikie insulini, na huidhoofisha mwaka hadi mwaka. Dawa yake mojawapo imo ndani ya misuli yenyewe: ikifanya kazi hutoa vitu vinavyoutuliza uvimbe huo. Bente Klarlund Pedersen wa Denmark na wenzake walivipa jina la maiokini mwaka 2003.

Mazoezi tuliyoanza nayo ni ya kiti. Kuketi na kuinuka, mikono imekunjwa kifuani. Wiki ya kwanza aliweza mara 2, tena kwa kushikilia meza. Tukaongeza moja moja, mara tatu kwa siku, baada ya sala ili asisahau. Alipozoea kiti tukahamia baraza ya nje, ambayo iko chini zaidi na inayasumbua mapaja. Jirani mmoja alinijia juu: namtesa mama wa watu! Nilimwelewa, kwa sababu hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini mwaka 1990 huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwafundisha wazee wa miaka 86 hadi 96 kunyanyua uzito kwa wiki 8, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mama wa miaka 74 bado ni kijana.

Chakula kilinishinda zaidi kuliko kiti. Mzee mzima anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na akiugua huenda mpaka 1.5. Mama ana kilo 52. Mahamri mawili na chai ya rangi asubuhi, wali mwingi na kipande cha samaki mchana, mkate na chai usiku: nilipokaa nikahesabu, hafiki hata nusu. Wali wa nazi sikumnyima, niliupunguza tu nikaongeza samaki. Asubuhi anakula mayai 2, ambayo ni gramu 12 hivi, au mbaazi za nazi, bakuli badala ya vijiko viwili vya kuchovyea. Usiku ni maziwa glasi moja na pojo, au pweza akipatikana. Kama mzee wako ana maradhi ya figo, muulize daktari wake kwanza, kwani kwake protini nyingi huweza kudhuru.

Kaskazi ya mwaka huu mafua makali yalimpata tena. Safari hii chai haikupelekwa kitandani. Siku ya kwanza tulimwacha alale, ya pili akaenda msalani kwa miguu yake nami nikimfuata nyuma, na supu ya samaki ilikuwa nzito, yenye nyama. Mzee mwenye miguu ya kutosha huweza kuinuka kitini mara 5 ndani ya sekunde 15. Siku ya nne nilishika saa, Mama akaweza kwa 17.