Deni Limekwisha, Mbona Bado Sikopesheki?

SWALI: Ndugu Mshauri, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa Sahare hapa Tanga, na kazi yangu ni kununua samaki soko la Deep Sea alfajiri na kuwagandisha kwa ajili ya mama lishe na wenye mahoteli. Mwaka 2021 nilikopa shilingi milioni 6 katika taasisi moja ya fedha, nikanunua friza mbili. Friza moja iliungua, samaki wakaharibika, nami nikashindwa marejesho kwa miezi saba. Baadaye nilikaa na afisa mikopo tukalipanga deni upya, nikawa nalipa shilingi 230,000 kila mwezi hadi likaisha. Juzi nimeomba milioni 3 katika benki nyingine, nikaambiwa tu kwamba "mfumo unakukataa". Jina langu litasafishwa lini? Kuna kijana anasema nikimpa laki moja na nusu atalifuta kwenye mfumo.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, na pole kwa samaki walioharibika. Nianze na huyo kijana, kwa sababu laki na nusu yako bado iko mkononi mwako na ningependa ibaki huko huko. Taarifa za wakopaji nchini mwetu hukusanywa chini ya kanuni zilizotungwa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2012: mkopeshaji hupeleka taarifa zako kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ya kielektroniki, iliyoko Benki Kuu, na taasisi zenye leseni za kuchakata taarifa za wakopaji, mojawapo ikiwa Creditinfo Tanzania, huzitumia kuandaa ripoti ambayo benki huisoma kabla ya kukupa jibu. Mtu wa pembeni hana mlango wa kuingilia humo. Ikiwa kilichoandikwa ni kosa, aliyekiandika ndiye hukisahihisha, na huduma hiyo haihitaji dalali. Ikiwa ni kweli kwamba ulichelewa miezi saba, hakuna mkono halali wa kulifuta jambo hilo kwa sababu tu umelipia.

Ndiyo maana silipendi sana neno "kusafisha", ingawa najua ndilo linalotumika mitaani, kwa kuwa linamfanya mtu aione rekodi yake kama nguo ya kupeleka kwa dobi. Ifikirie kama daftari la mangi wa dukani. Ukurasa ulioandikwa siku ulizochelewa hauchanwi leo, lakini kurasa zinazofuata ni zako, na mwenye duka anayetaka kujua kama akupe tena unga kwa mkopo hutazama zaidi ulivyolipa karibuni. Swali lenye faida kwako, basi, ni kama ukurasa wa mwisho umeandikwa sawasawa na nini kitaandikwa baada yake.

Hatua ya kwanza ni kuiona ripoti yako mwenyewe, kwa kuwa "mfumo unakukataa" si jibu. Omba ripoti hiyo kwenye taasisi ya taarifa za wakopaji ukiwa na kitambulisho chako cha NIDA, au mwombe afisa wa benki iliyokukataa akuambie ni mkopo upi uliowatia shaka na uliripotiwa na nani. Ukiipata, usikimbilie ile alama ya ukopaji, namba inayopima unavyoaminika kulipa, iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa juu. Shuka chini, usome mstari kwa mstari: jina la mkopeshaji, kiasi ulichokopa, salio, siku za kuchelewa na hali ya mkopo.

Nimewahi kukaa na fundi cherehani mmoja wa Ngamiani ambaye alikuwa na kilio kama chako. Alikuwa na risiti zote za deni la milioni 4, zimebanwa kwa pini ndani ya bahasha ya kaki, naye akiapa kwamba amelipa hadi senti ya mwisho. Ripoti ilisema mkopo uko wazi na una salio la shilingi 11,400. Ilikuwa adhabu iliyoingia kati ya siku aliyolipia kwa wakala na siku fedha zilipopokelewa kwenye akaunti ya mkopo. Hakuna aliyemwambia, na siku za kuchelewa ziliendelea kuhesabiwa miezi tisa. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, mkopo wa simu wa shilingi 20,000, kwenye laini aliyoisahau tangu simu yake ilipotumbukia mtoni pale kivuko cha Pangani. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanyamaza. Shilingi 31,400 ndizo zilizomkosesha cherehani mbili.

Wewe pia nakuomba utafute vijisalio vya namna hiyo, na hasa mikopo ya simu, kwa sababu wengi wetu huiona kama vocha tu na kusahau kwamba nayo ni mikopo. Kisha angalia neno lililoandikwa mbele ya ule mkopo uliopangwa upya. Linatakiwa lionyeshe kwamba umelipwa na kufungwa. Likionyesha kwamba mkopo "umefutwa vitabuni", usifurahi ukidhani umesamehewa: maana yake ni kwamba mkopeshaji alikata tamaa ya kulipwa, akaliondoa deni hilo kwenye hesabu za mali zake, huku wewe ukiendelea kudaiwa. Mtu aliyekamilisha makubaliano yake, kama wewe, hastahili kubaki na maneno hayo bila kuonyeshwa kwamba baadaye alilipa.

Kwa hiyo rudi kwenye taasisi iliyokukopesha ukadai barua ya kumaliza deni, yenye namba ya akaunti ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho na maelezo kwamba salio ni sifuri. Na kama uliweka dhamana, iwe hati ya nyumba au kadi ya pikipiki, irudi mikononi mwako siku hiyo hiyo ikiwezekana. Kosa ukiliona, liandikie barua, wala usitosheke na ahadi ya mdomo dirishani, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, Benki Kuu ina dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Kwa uzoefu wangu, barua yenye muhuri hufanya kazi kuliko kugombana kaunta.

Sasa kuhusu kujijenga upya. Mimi nisingeomba milioni 3 mwezi huu. Usizungushe maombi benki tano kwa wiki moja ukitarajia mmoja atalainika, kwa kuwa kila anayefungua ripoti yako anaweza kuacha alama kwamba umeulizwa, na anayefuata huona mtu anayehangaika. Jiunge na SACCOS, weka akiba kwa miezi kadhaa, kisha chukua mkopo mdogo ambao hata friza ikiungua tena utaweza kuulipa. Lakini uliza kwanza kama wanapeleka taarifa za marejesho kwenye kanzidata, maana kulipa vizuri mahali pasiporipoti kunakujengea nidhamu na heshima, si rekodi. Vikundi vyetu vingi vya VICOBA viko hivyo. Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake; ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mikopo ya kausha damu usiisogelee kabisa, hata ile inayokuja kwa sura ya programu ya simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Na jambo moja ambalo maafisa mikopo wa bara hawalijui mpaka waambiwe. Biashara yako inafuata upepo. Wakati wa kaskazi samaki wapo na bei inashuka, unajaza friza. Kusi likivuma, vyombo vingi hulala pwani, ilhali tarehe ya marejesho inakuja vile vile kila mwezi. Chukua daftari lako la mauzo la mwaka mzima pamoja na taarifa za miamala ya simu, mwonyeshe afisa miezi mizito na miezi miepesi, umwombe ratiba ya marejesho inayolingana nayo kabla hujasaini. Hata ile miezi saba uliyokwama, mweleze iliangukia msimu gani na umebadilisha nini tangu hapo. Kama friza ya sasa ina kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, lisemee hilo pia.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Chumbageni. Nilimdhamini shemeji yangu, akachelewa kulipa, kisha akapangiwa upya na amemaliza. Je, na mimi nimeharibikiwa?

JIBU: Inawezekana, kwa sababu udhamini nao ni ahadi ya kulipa na unaweza kuonekana kwenye ripoti yako. Omba ripoti yako mwenyewe, usitegemee ya shemeji. Barua yake ya kumaliza deni iwe na sentensi inayosema kwamba wadhamini wameachiliwa, na nakala moja ukae nayo wewe. Kama bado hajaifuata barua hiyo, nendeni pamoja.