Kusomea uuguzi wa afya ya akili huku unafanya kazi ya kea Uingereza

Kila nikikutana na Watanzania na Wakenya wenzangu wanaofanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa, hapa Uingereza, swali ni lile lile: hivi mtu anaweza kusoma shahada ya afya ya akili huku anapiga shifti? Anaweza. Mimi nilisoma hivyo, nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, upande wa wenye dimenshia (maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu), na leo ni muuguzi wa afya ya akili. Ila yapo mambo ya kuyajua kabla hujajaza fomu, na mengine hutayakuta kwenye vijitabu vya vyuo.

Anza na jina la shahada yenyewe. Kozi zenye maneno "afya ya akili" ni nyingi, na si zote zinakufikisha wodini. Ukitaka kuwa muuguzi, kozi lazima iwe imeidhinishwa na NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga, maana ndilo linalotoa namba ya usajili. Bila namba hiyo hakuna atakayekuajiri kama muuguzi. Hapa tawi unalichagua tangu unapoomba chuo: watu wazima, watoto, ulemavu wa kujifunza, au afya ya akili. Saikolojia ni somo zuri, lakini shahada yake ya kwanza haikusajili popote. Mwanasaikolojia wa kliniki husoma shahada ya uzamivu ya miaka mitatu juu ya hapo, na nafasi zinagombewa mno. Nawafahamu watu waliomaliza shahada zenye majina ya kuvutia, kisha wakarudi kwenye malipo yale yale ya kea, na iliwauma sana. Kwa hiyo kiulize chuo kwa maandishi: nikihitimu, nitasajiliwa na nani?

Halafu chukua rota yako, yaani ratiba ya shifti, uiweke mezani. Uuguzi wa kawaida ni miaka mitatu, na ndani yake kuna saa 2,300 za plesimenti, yaani mafunzo ya vitendo wodini, kwenye kliniki na majumbani mwa wagonjwa. Kwenye wiki za plesimenti unafanya saa kama za mwajiriwa, takriban 37 na nusu, zikiwemo usiku na wikiendi, na hulipwi mshahara. Kazi yako ya kea inabaki kupenya kwenye mianya. Niliowaona wakiacha masomo njiani walikuwa na akili za kutosha kabisa. Walichokosa ni usingizi, wengine na kodi ya nyumba.

Ushauri wangu ni kuongea na meneja kabla ya kuanza, na sio baada ya wiki ya kwanza chuoni. Omba kutoka kwenye mkataba wa saa kamili uwe mtu wa kuitwa anapohitajika, ili shifti uchague wewe. Kila ukipata tarehe za plesimenti, mpelekee mapema kwa maandishi. Mameneja wengi hawapendi kumpoteza mtu anayewajua wazee wa nyumba ile kwa majina na tabia zao, na ukiwapa muda watakupangia. Na shifti ya usiku isilale ubavuni mwa siku ya darasa. Ukitoka kazini saa mbili asubuhi ukaingia darasani saa nne, mwili upo ila kichwa hakipo, na ukiendesha gari kurudi nyumbani mchana huo unahatarisha maisha yako na ya wengine.

Viza nayo ina neno lake. Aliye kwenye viza ya kazi za afya na kea anaruhusiwa kusoma, mradi ile kazi aliyodhaminiwa isiathirike. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Lakini mdhamini anataka saa zake zote na plesimenti inataka zake, na siku ina saa 24 tu. Kwa mtu wa hali hiyo naona busara ni kuanza na masomo ya muda wa ziada, kama kozi za maandalizi ya kuingia chuo au somo moja moja la masafa, akijenga msingi mpaka hadhi yake ya ukaazi itulie. Mwenye viza ya mwanafunzi ana kikomo cha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na mwajiri akikubembeleza uzidishe, ni wewe utakayepoteza viza.

Fedha. Kwa wenye ukaazi unaowastahilisha kupata mkopo wa masomo, England inatoa ruzuku ya NHS (huduma ya afya ya taifa) ya pauni 5,000 kwa mwaka isiyorudishwa, na wanaosomea afya ya akili huongezewa pauni 1,000 kwa sababu tawi letu lina upungufu. Mwenye watoto anaowalea anaweza kuomba pauni 2,000 nyingine. Scotland wana utaratibu wao, pauni 10,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa uuguzi. Ipo pia njia ya uanagenzi, ambapo mwajiri anakulipa mshahara huku unasoma; nafasi ni chache, ila ukiwa tayari unafanya kazi kwenye shirika kubwa la afya, mlango huo ubishe kwanza.

Kuna hesabu nyingine ambayo hakuna chuo kitakachokufanyia: hela ya nyumbani. Shifti za ziada nyingi tunazochukua si kwa ajili ya matumbo yetu, ni ada ya mdogo wetu, dawa za mama, bati za nyumba ya baba. Kaa nao kwenye simu kabla hujaanza. Sema wazi kwamba kwa miaka mitatu nitatuma kiasi hiki, sio kile. Mama yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Unasomea vichaa?" Sisi tuliokulia Tanzania tumelisikia jina la hospitali ya Mirembe ya Dodoma likitumika kama tusi tangu utotoni, kama Wakenya walivyolisikia la Mathari. Sikubishana naye. Nilimkumbusha mjomba wetu aliyefungiwa chumba cha nyuma miaka yote ile, nikamwambia nasoma ili mtu kama yeye apate mtu wa kukaa naye. Hakuuliza tena.

Sasa nije kwenye faida uliyonayo, maana watu wa kea tunajidharau mno. Tumeambiwa mara nyingi kuwa tunaosha wazee tu, mpaka tumeamini. Tom Kitwood, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Bradford, alieleza namna ambavyo watu wasio na nia mbaya yoyote humvunja heshima mtu mwenye dimenshia. Mojawapo ni kumwendesha mbio: kumsemesha, kumvalisha na kumlisha kwa kasi ambayo akili yake haiifuati. Niliposoma hayo, picha nilikuwa nayo tayari. Kulikuwa na bibi mmoja, na mambo yake nimeyabadilisha asitambulike, aliyeandikwa kwenye kumbukumbu za huduma kuwa mkorofi wakati wa kuvaa. Tazama kinachotokea asubuhi: mkono wake wa kulia bado umenasa kwenye nguo ya kulalia, sweta tayari inapita kichwani, macho yamefunikwa, na sauti inamwambia anyanyue mguu. Hapo ndipo anapokunja ngumi. Ukikaa kwenye kiti usawa wa macho yake, ukamwekea sweta mapajani aipapase aijue, ukangoja mpaka yeye mwenyewe auelekeze mkono kwenye tundu, ngumi haiji. Dakika zinaongezeka chache tu. Insha yangu ya kwanza kupata alama za juu ilitoka kwenye sweta ile, na wenzangu waliotoka shule moja kwa moja walikuwa wanahangaika kutafuta mfano.

Mfano mwingine ni deliriamu, kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyekuwa akila vizuri jana, leo jioni anavuta vuta shuka na kuwaona watoto darini. Dimenshia haiji kwa usiku mmoja. Hapo unaangalia: amekunywa maji kiasi gani, amepata choo lini, mkojo ukoje, ana maumivu, ana dawa mpya? Kisha unamwita muuguzi au daktari bila kuchelewa. Daktari anayemwona kwa mara ya kwanza hawezi kujua kuwa huyu siye yule wa jana. Wewe unajua. Ukifika plesimenti na jicho hilo, utaona wauguzi wakikuuliza, "Unaonaje?"

Kwa hiyo weka daftari dogo nyumbani. Ukitoka shifti, andika tukio moja: nini kilitokea, ulihisi nini, kwa nini kilikwenda vile, safari ijayo utafanyaje. Insha nyingi za tafakuri hufuata mzunguko wa Gibbs wa 1988, yaani hatua za kutafakari tukio kwa maswali kama hayo, na daftari hilo litakuwa limeshakufanyia nusu ya kazi. Lakini usiandike jina la mkaazi, la nyumba wala la mji, na usipige picha karatasi yoyote ya kazini. Chuo kinaweza kukufelisha insha nzima kwa kuvunja siri ya mtu, na kinafanya sawa.

Yapo ambayo nyumba ya wazee haitakufundisha, na hayo ndiyo ya kuyapa muda darasani. Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, kwa mfano: kifungu cha 2 kinamshikilia mtu hospitalini hadi siku 28 kwa uchunguzi, cha 3 hadi miezi sita kwa matibabu. Klozapini, dawa ya skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) isiyotulizwa na dawa nyingine, inayodai damu ipimwe kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Na jambo linaloniuma: takwimu za serikali mwaka hadi mwaka zinaonyesha watu weusi England wakishikiliwa chini ya sheria hiyo kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya weupe. Nimekaa na kijana wa Kikongo aliyeandikwa kuwa hataki kuongea, na nilipomsalimia kwa Kiswahili akauliza kama ninajua kupika sombe, kisamvu chao. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Tunahitajika kwenye wodi hizi, na tunahitajika tukiwa na usajili, ambapo neno letu linaandikwa na kusainiwa.

Nafsi yako pia ina kikomo. Itatokea wiki ambayo mkaazi uliyemzoea amefariki Jumapili, na Jumanne mhadhara ni wa kujiua. Mwambie mhadhiri mapema. Omba kikao na mnasihi wa chuo, ni bure. Fomu ya kuomba muda wa ziada ijaze kabla tarehe ya insha haijapita, kwa sababu ikishapita kusikilizwa ni kazi. Usiku ukizidiwa, Samaritans, shirika la hisani la kuwasikiliza waliozidiwa, wanapokea simu saa zote kwa namba 116 123, bila malipo. Wauguzi wa akili nao hupiga.

Kuhusu kuandika Kiingereza cha kitaaluma, mbinu iliyonisaidia ni kujirekodi kwenye simu nikiieleza hoja yangu kwa Kiswahili, kana kwamba namweleza dada yangu, ndipo nikakaa kuandika. Hoja ikishanyooka mdomoni, sentensi hupatikana.

Na mwisho wa kozi kuna mtihani wa hesabu za dawa ambao NMC inataka upate asilimia 100. Usiuogope, ila usiuache mpaka mwaka wa tatu. Fanya hesabu tano kila wikiendi tangu mwaka wa kwanza: miligramu kwenda mikrogramu, mililita kwa saa, vidonge vya nguvu tofauti. Kama kazini wewe ndiye unayegawa dawa, chati unayo mkononi kila siku, na maswali ya mtihani hayako mbali na yaliyomo humo.