Zege linapasuka kwenye maungio: kagua kokoto
Huenda unashangaa kwamba zege la barabara lenye vipovu vya hewa asilimia 6, vilivyowekwa kulikinga na barafu, linapasuka kandokando ya maungio (mistari inayotenganisha mabamba ya zege) baada ya misimu ya barafu. Vipovu hulinda rojo la saruji (saruji na maji vinavyogandisha kokoto pamoja), havilindi kokoto. Baadhi ya mawe ya chokaa yana vitundu vidogo mno vinavyoshikilia maji; maji yakiganda hutanuka takriban asilimia 9, na yasipopata njia ya kutoka haraka, kokoto hupasuka na kulipasua zege.

Keketa sampuli kwenye ungio hadi chini kabisa ya bamba, maana uharibifu huanzia huko, palipo na unyevu mwingi. Nyufa zikikata kokoto zenyewe badala ya kuzizunguka, jiwe ndilo tatizo. Kuziba maungio na kuondoa maji chini ya bamba huchelewesha tu.

Kwa bamba jipya, punguza ukubwa wa juu wa kokoto kutoka milimita 38 hadi 19, maana katika kokoto ndogo maji husafiri umbali mfupi ili yatoke. Kisha pima mihimili midogo ya zege la majaribio kwa mizunguko 300 ya kugandisha na kuyeyusha, ukitumia kokoto za kila tabaka la mwamba wa machimbo peke yake. Tabaka moja huweza kuwa imara, la chini yake bovu.