Sarara, Kobe na Bili: Majibu kwa Wanaokula Steki Hotelini

Nilihudumu katika kumbi za chakula za hoteli kubwa za Dar es Salaam na Arusha kwa miaka 11 kabla ya kushika kalamu, na barua ninazoletewa kuhusu mikahawa ya steki hufanana kwa jambo moja: aliyeandika alitamani kumuuliza mhudumu pale pale mezani, akaona haya. Nimechagua saba za kujibu leo.

Buchani kwetu nanunua steki kwa bei ninayoifahamu. Mume wangu alinipeleka hoteli moja ya katikati ya mji, nikakuta kipande kimoja kina bei ya kilo kadhaa za bucha. Tunalipia nyama au tunalipia kiyoyozi? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Mama, mnalipia vyote viwili, ila sehemu ya nyama ni kubwa kuliko unavyodhani. Neno ni moja lakini vitu ni viwili. Buchani, steki ni nyama tupu isiyo na mfupa, iwe imetoka pajani, begani au shingoni. Katika mkahawa wa namna ile, steki ni kipande kinene kilichokatwa kwa kukingama na nyuzinyuzi za nyama, na aghalabu hutoka mgongoni, kwenye misuli ambayo ng'ombe hakuitumikisha sana alipokuwa akitembea na kula. Sarara, ambayo kwenye menyu utaikuta kwa jina la fileti, ndiyo laini kuliko zote. Imejificha ndani, chini ya uti wa mgongo, na ng'ombe mzima ana sarara mbili tu. Kwa ng'ombe wetu wa nundu, zikishaondolewa utando na mafuta, hazisogezi sana mshale wa mizani. Ribai hutoka mbavuni na ina mafuta na ladha zaidi. Tiboni ina mfupa wenye umbo la herufi T, upande mmoja sarara na upande wa pili sirloini, na kumbuka kwamba mfupa huo nao umepimwa.

La pili ni siku. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri na kutundikwa buchani saa tatu asubuhi ana nyama iliyo katika hali ya kukakamaa, na ndiyo sababu majumbani tunaichemsha kwanza au kuipaka papai bichi kabla ya kuichoma. Mkahawa unaojua kazi yake huiweka nyama kwenye chumba chenye baridi ya nyuzijoto chache tu juu ya sifuri kwa siku 21, 28 au zaidi, ili vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vivunje ule ukakamavu. Ikining'inizwa wazi, hupoteza maji, na ganda kavu la nje hukatwa na kutupwa, kwa hiyo mteja ndiye anayelipia hata kile kilichotupwa. Ikifungwa kwenye plastiki isiyo na hewa, hulainika pia, lakini haipati ladha ile nzito. Muulize mhudumu nyama imekaa siku ngapi, na kwa njia ipi. Akikujibu kwa fahari kwamba ni mbichi kabisa, imechinjwa leo, agiza kuku.

Neno la mwisho kwako, Mama: gramu 300 zilizoandikwa kwenye menyu ni za nyama mbichi, na motoni hupungua kwa takriban robo, kwa hiyo usidhani umeibiwa.

Niliagiza steki "midiamu" huko Masaki, na nilipokata ikatoka damu. Nilikula kwa kujilazimisha nisionekane mshamba. Bibi yangu alitufundisha kwamba nyama isiyoiva huleta tegu. Nani mkweli, bibi au mpishi? (Kijana wa Tabata)

Wote wawili, na bibi ana uzito zaidi kuliko wapishi wengi wanavyopenda kukiri. Nianze na kile ulichokiona. Haikuwa damu, kwa sababu damu karibu yote hubaki machinjioni. Maji yale mekundu yana protini ya misuli iitwayo mayoglobini, ambayo hubadilika rangi kadiri joto linavyopanda. Katikati ya kipande kilichofika nyuzijoto 55 hivi huwa pekundu na pana joto la vuguvugu. Hiyo ndiyo wanayoiita "midiamu-rea". "Midiamu" ni kama nyuzijoto 60, waridi, na kuanzia 70 nyama huwa ya kijivu kote, nayo ni "weldani". Basi huenda ulipewa ulichoagiza hasa, ila hukuwa umeambiwa kinafananaje.

Kuhusu usalama, bakteria wabaya kwa kawaida hukaa juu ya kipande, wala si ndani, na moto mkali wa nje huwamaliza. Ndiyo maana steki yenye moyo mwekundu huliwa duniani kote, ilhali baga ya nyama ya kusaga, ambayo nje yake imechanganywa na ndani, sharti iive hadi nyuzijoto 71. Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri kwamba kipande kizima kifike nyuzijoto 63 kisha kipumzike kwa dakika tatu. Lakini tegu hakai juu. Vifuko vya minyoo yake hukaa ndani ya msuli, na ndivyo mkaguzi anavyovitafuta machinjioni anapopasua misuli ya taya na moyo wa ng'ombe. Vichache vikimponyoka, joto la kutosha huviua, na kuigandisha nyama kwa siku kadhaa huviua pia. Kwa hiyo, kwenye hoteli ambayo inaweza kukueleza nyama yake imetoka wapi na imekaguliwa na nani, agiza midiamu kwa amani. Pasipo na jibu, omba iive zaidi ya hapo. Mjamzito na mtoto mdogo wale iliyoiva kabisa, hata mpishi akinuna.

Jambo moja la karibu zaidi: katika mikahawa mingi ya aina hii, mhudumu akishaweka sahani hasogei. Husimama kando kidogo, mikono nyuma, akikuomba ukate katikati na utazame. Vijana wengi hudhani anangoja sifa, wakatabasamu na kusema "safi" kabla hata kisu hakijagusa nyama. Anangoja uamuzi wako. Hapo ndipo pa kusema.

Mke wangu aliirudisha steki jikoni kwa sababu ilikuwa imekauka. Nilitamani ardhi ipasuke. Je, alikosea? (Mzee wa Moshi)

Hakukosea, Mzee wangu. Nyama iliyopungukiwa moto hurudishwa ikaongezwa, lakini iliyopita kiasi haina dawa. Lazima ipikwe nyingine. Linaloleta ugomvi ni wakati wa kusema. Niliwahi kumhudumia bwana mmoja aliyemaliza ribai nzima, akaacha kipande cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kisha akaitisha meneja kulalamika kwamba imeungua. Meneja wetu wa siku ile, badala ya kumalizana naye kwa upole, alisimama kubishana naye mbele ya ukumbi mzima, na meza mbili zikaomba bili kabla ya kuagiza kitindamlo. Makosa yalikuwa pande zote mbili.

Nimeona "Kobe" kwenye menyu ya hoteli na bei yake imenitisha. Binti yangu wa miaka saba akauliza kama ni yule kobe wa Changuu. Naomba ufafanuzi ili niweze kumjibu. (Baba wa Dodoma)

Mwambie kobe wa Changuu wako salama. Kobe hapa ni mji wa bandari nchini Japani, makao makuu ya mkoa wa Hyogo, na nyama yenye jina hilo hutokana na ng'ombe wa ukoo wa Tajima waliozaliwa, kukuzwa na kuchinjwa ndani ya mkoa huo, kisha nyama yao ikapimwa na kufaulu. Kila ng'ombe ana namba ya tarakimu kumi inayomfuata hadi sahanini. "Wagyu" ni neno pana zaidi, maana yake ng'ombe wa Kijapani, na nyama nyingi inayouzwa nje kwa jina hilo hutoka Australia, mara nyingi kwa ng'ombe waliochanganywa damu. Sifa yake ni mafuta yaliyosambaa ndani ya nyama kama mishipa ya marumaru. Mafuta hayo huyeyuka kwa joto dogo na hushibisha upesi, na gramu 100 zinamtosha mtu mzima.

Menyu ikiandika Kobe, una haki ya kuomba kuona namba na cheti. Wakianza kuangaliana, chagua sirloini ya kawaida na ununue na saladi.

Mimi ni Muislamu. Nikiambiwa nyama ni halali, je, inatosha? (Msomaji wa Tanga)

Kwa kuchinja, mara nyingi inatosha, maana machinjio mengi ya kwetu huchinja kwa taratibu za Kiislamu. Nyama iliyoagizwa kutoka nje ndiyo ya kuulizia cheti. Lakini baada ya kuchinja kuna mambo mawili ambayo wahudumu husahau kuyataja. La kwanza ni sosi. Sosi ya pilipili manga ya hotelini mara nyingi huanza kwa brandi inayowashwa moto kwenye kikaango, na sosi nyeusi ile inayong'aa huwa na mvinyo mwekundu. Usikubali maelezo kwamba pombe yote imeungua: vipimo vya Idara hiyo hiyo ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba kinywaji kilichowashwa moto hubakiza takriban asilimia 75 ya pombe yake. Omba siagi ya vitunguu saumu na majani badala ya sosi. La pili ni wavu wa kuchomea, ambao huenda saa hiyo hiyo umelaziwa mbavu za nguruwe. Omba wakupikie kwenye kikaango safi cha chuma. Ni ombi la kawaida, na ukilisema wakati wa kuweka nafasi kwa simu, mpishi hupata muda wa kujipanga.

Nimelelewa kula kwa mkono wa kulia, lakini hotelini uma unawekwa kushoto. Nifanyeje mbele ya wageni wa kazini? (Dada wa Mombasa)

Kata vipande viwili au vitatu kwa kisu mkono wa kulia, laza kisu ukingoni mwa sahani, hamishia uma kulia, kula. Wamarekani wengi hula hivyo hivyo, na hakuna mgeni atakayeshangaa.

Bili ilikuja kubwa kuliko hesabu yangu ya kichwani, na bado mhudumu alionekana anangoja kitu. Bakshishi ni lazima? (Kaka wa Arusha)

Si lazima. Kabla ya kuagiza, soma maandishi madogo chini ya menyu, yanayosema kama bei zimejumuisha kodi na ada ya huduma. Tuseme chakula ni shilingi 100,000 na bei haikujumuisha chochote: ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 18,000, na kama hoteli hutoza huduma asilimia 10, ongeza 10,000 nyingine. Ukivuka Namanga, Kenya wana VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Pale ambapo ada ya huduma imeshakatwa, bakshishi ni hiari yako kabisa. Pasipokatwa, asilimia 5 hadi 10 ni uungwana, na mpe mhudumu mkononi, kwa kuwa kinachoongezwa kwenye kadi huchelewa kumfikia. Dai risiti ya EFD. Ukitajiwa bei kwa dola, kumbusha kwa upole kwamba kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutoza huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama ni aibu kuomba kufungiwa kilichobaki. Kwa chakula ulichoagiza na kulipia, si aibu hata kidogo. Kwenye bufee ndipo hukataliwa. Ukifika nyumbani, tia kwenye friji mara moja. Kesho yake usiipashe nzima, itakuwa kama kandambili: ikate ikiwa baridi, vipande vyembamba, uipitishe dakika moja tu kwenye kikaango chenye vitunguu na pilipili hoho. Na kama ilikuwa tiboni, mfupa ule utie kwenye sufuria ya supu.